Waipa zinalia, zinaruka, zinaacha mistari: soma kioo kabla ya kwenda duka la spea

Mvua ikishakata Tabora, kuanzia Mei hivi, waipa hazina kazi tena mpaka Novemba. Miezi yote hiyo zinalala pale pale juu ya kioo. Jua la Septemba na Oktoba linazichoma, vumbi linajaa chini ya mpira, na hakuna anayezigusa isipokuwa kijana wa kuosha magari, anayezinyanyua na kuziachia zipige kioo, pa! Wingu la kwanza likipasuka uko barabarani, unawasha swichi, na badala ya kuona njia unaona tope limepakwa kioo kizima. Kesho yake uko dukani, tuseme gari lako ni Toyota IST.

"Kaka, nipe waipa za IST."

"Za ngapi?"

"Za IST tu, wewe si unazijua?"

Muuzaji anatoa anazozijua, unalipa, kijana wa dukani anakufungia, na mvua inayofuata tatizo liko vile vile. Mpira ni mtuhumiwa mmoja tu. Kuna kioo chenyewe, kuna mkono wa waipa na springi yake, kuna vyuma vilivyofichwa chini ya plastiki iliyo kati ya boneti na kioo, kuna mota. Kila kimoja kikiharibika kinaacha alama yake, na ukishaijua alama, unajua pesa yako iende wapi. Pengine haiendi popote, kwa sababu dawa ni sabuni.

Anza na ndoo ya maji

Osha kioo kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, suuza mpaka povu liishe. Nyanyua mikono ya waipa. Gari nyingi ndogo za Kijapani zinaruhusu mkono kusimama wenyewe. Kama boneti inaukinga, usiulazimishe, nyanyua kiasi cha kupitisha vidole tu.

Chukua kitambaa cheupe chenye maji na sabuni kidogo, bana mdomo wa mpira (ule ukingo mwembamba unaogusa kioo) kati ya vidole viwili, kisha vuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mara ya kwanza kitambaa kitatoka cheusi tii. Rudia mara kadhaa mpaka weusi upungue. Usitafute uishe kabisa, maana mipira mingi hupakwa grafiti ili iteleze, na hiyo unaitaka ibaki.

Sasa uchunguze mpira wenyewe. Mdomo ambao bado ni mzima umenyooka na una kona kali. Ukiulaza upande mmoja kwa ncha ya kidole na kuuachia, unarudi wima papo hapo. Uliochoka unabaki umelala upande ule uliolalia tangu Mei, au unarudi polepole. Ukiukunja ukaona nyufa ndogondogo shingoni, pale mdomo unaposhikana na mwili wa mpira, huo hauna mjadala, ubadilishe. Umeng'ofoka vipande, vivyo hivyo.

Kama mpira umefaulu, mwaga maji kwenye kioo, washa waipa, na uangalie kinachobaki. Usiwashe kwenye kioo kikavu chenye vumbi. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga unakwaruza kioo na kuula mdomo wa mpira kwa pamoja.

Mistari myembamba ya maji inayofuata njia ya waipa

Mstari mmoja au miwili, daima mahali pale pale, una maana tatu. Uchafu umenasa kwenye mdomo: umeshauosha, kwa hiyo mstari ungeshaondoka. Mdomo una pengo: fuata mstari mpaka waipa iliposimama, angalia sehemu ile ya mpira, utaliona. La tatu ndilo watu hulikosa, nalo ni kioo chenyewe. Pitisha ukucha kukatisha mstari. Ukucha ukikwama, kioo kina mkwaruzo, na hakuna waipa duniani itakayoufuta.

Mikwaruzo ya namna hiyo huwa na umbo la upinde, na huletwa na mambo mawili: waipa iliyokwisha mpira ikaendelea kutumika mpaka chuma kikagusa kioo, au mtu aliyesugua kioo kwa stilwaya. Mkwaruzo mwepesi unaweza kupunguzwa na fundi vioo mwenye poda ya kung'arishia. Ule unaoshika ukucha ishi nao kama uko pembeni. Kama uko mbele ya macho ya dereva, fikiria kioo kipya. Usiku kwenye barabara ya Nzega, taa za lori linalokuja zinaugeuza mkwaruzo kuwa mwanga unaotapakaa, na ghafla huoni mwendesha baiskeli aliye kando.

Utandu unaobaki sekunde chache kisha unakauka

Waipa ikipita inaacha ukungu mwepesi, kioo kizima au nusu yake, halafu unapotea wenyewe. Hii ndiyo dalili inayouza waipa nyingi bila sababu. Kosa liko kwenye kioo: kina mafuta.

Mjini Tabora kivuli ni miembe, na kila mwenye gari anakitafuta. Lakini mwembe una utomvu, na wadudu wanaonyonya majani na maua yake hudondosha majimaji yanayonata. Gari likilala chini ya mwembe wakati wa maua, asubuhi kioo kina vidoti vidogo visivyoonekana vizuri mpaka upitishe kiganja. Vumbi linashika juu ya vidoti hivyo, na jua linavikausha. Ongeza moshi wa dizeli wa malori, ongeza shampuu yenye nta wanayotumia baadhi ya waosha magari, ongeza ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi inayopulizwa kiholela mpaka ikafika kwenye kioo. Mpira mpya juu ya kioo hicho utapaka utandu ule ule ulioupaka mpira wa zamani.

Kipimo ni rahisi. Rushia kioo maji safi. Yakitandazika yakawa utando mmoja unaoshuka, kioo ni safi. Yakigawanyika kuwa matone na visiwa, kuna mafuta au nta. (Kama kilipakwa dawa ya kufukuza maji, matone ni ya kawaida, hapo angalia kama matone yanalingana kioo kizima au ni mabaka mabaka.)

Dawa: sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kwa kitambaa kisicho na mchanga, ukisugua kwa mizunguko midogo. Ikibaki, futa kwa spiriti, ukiangalia isidondokee rangi ya gari. Kama kuna ukungu mweupe wa chumvi, hasa kwa gari linalooshwa kwa maji ya kisima, changanya siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika chache, kisha suuza. Utomvu mkavu wa mwembe hautoki kwa kusugua. Laza juu yake kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, kisha ukwangue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kisu hapana. Msasa hapana.

Ukimaliza kioo, rudi kwenye mpira uufute tena. Watu husafisha kimoja na kusahau kingine, na mzunguko mmoja tu unarudisha utandu.

Kuna ukungu mwingine unaosingiziwa waipa: ule wa ndani. Chora kwa kidole upande wa ndani wa kioo. Kidole kikiacha njia safi, tatizo ni pumzi zenu na unyevu. Elekeza feni kwenye kioo, washa AC kama ipo, na zima swichi ile inayozungusha hewa ya ndani kwa ndani.

Na kwa kuwa tuko mkoa wa tumbaku, lazima utaambiwa usugue tumbaku au sigara kwenye kioo. Linasaidia kidogo, kwa sababu maji yanatandazika badala ya kubaki matone, na kama waipa zimekufa porini njia ya Sikonge, utafika. Lakini ni la kufikia nyumbani, na kesho yake una uchafu mpya wa kusafisha. Mafuta ya taa, dizeli na oili chafu kwenye mpira ni hadithi nyingine kabisa. Siku ya kwanza mpira unalainika na unaonekana umepona. Mpira wa asili hunyonya mafuta ya petroli, unavimba, unapoteza umbo, na kioo kinapata tabaka la mafuta ambalo utalitafutia dawa wiki nzima.

Kuruka na kulia: ngr-ngr-ngr

Hapa inabidi uelewe mpira unafanya nini. Waipa ikienda kulia, mdomo unalala nyuma yake upande wa kushoto, ukiburutwa. Ikifika mwisho na kugeuka, mdomo nao unatakiwa kupinduka, ulale upande wa pili. Mdomo ukiburutwa, unafuta kimya. Mdomo ukisukumwa, unashika, unaachia, unashika, unaachia, kama kiti kinachosukumwa kwenye sakafu. Hizo ndizo ngr-ngr zako, na ile mistari mingi midogo iliyosimama sambamba na waipa.

Kwa hiyo jiulize swali moja: inaruka kwenda na kurudi, au upande mmoja tu?

Pande zote mbili, kioo kikiwa kimeoshwa vizuri na maji yapo ya kutosha, mpira umekauka. Jua la miezi sita limeufanya mgumu, haupinduki. Badilisha. Kama unaruka pale tu mvua inapokuwa ya rasharasha na kioo kinakauka haraka, hilo si kosa. Punguza kasi ya waipa au tumia ile ya vipindi.

Upande mmoja tu, mara nyingi ni mkono uliopinda. Ncha ya mkono inatakiwa iwe sambamba na kioo, ili mpira usimame wima kabisa waipa ikiwa katikati ya safari yake. Mkono ukisokoteka hata kidogo, mpira unaegemea upande mmoja. Kwenda unafuta vizuri, kurudi unakwama. Na mkono husokoteka kwa mambo ya kawaida sana: kijana wa kuosha anayeushika kama mpini, brashi ya kuoshea magari iliyonasa, embe lililoanguka, mtoto aliyeukalia.

Kuuangalia, toa waipa kwenye mkono. Kabla hujafanya hivyo, laza taulo lililokunjwa juu ya kioo. Mkono usio na waipa una chuma kitupu mwishoni na springi yenye nguvu mwanzoni. Ukiponyoka na kuanguka juu ya kioo, unaweza kukipasua. Kupata kioo cha mbele cha gari la Kijapani hapa mjini mara nyingi ni kusubiri kiagizwe.

Shusha mkono taratibu mpaka ncha yake ikaribie kioo, chuchumaa, tazama kwa upande. Ule ubapa wa ncha na kioo viwe sambamba. Kama umeinama upande mmoja, shika mkono kwa koleo au spana mbili, moja karibu na ncha, nyingine sentimita kumi hivi juu yake, zote zikiwa zimefungwa kitambaa, na usokote kidogo sana. Jaribu. Sokota tena. Ni kazi ya milimita, na fundi mwenye haraka anaivuruga. Mkono wa bati jembamba unavumilia hivyo. Wa chuma cha kumimina unaweza kukatika, bora ununue mwingine.

Waipa za silikoni zinaweza kulia zikiwa mpya hata kama kila kitu kiko sawa. Zinadumu kuliko mpira wa kawaida chini ya jua, hilo ni kweli, lakini zinataka kioo safi sana.

Sehemu nzima haiguswi

Ukiona bamba la maji limebaki, angalia liko wapi.

Likiwa katikati ya njia ya waipa, mgandamizo ni mdogo. Springi imechoka, au fremu ya waipa imepinda. Linganisha mikono miwili kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki: nasa kwenye ncha ya mkono mahali pale pale kwa yote miwili, vuta mpaka mpira uachane na kioo tu, soma. Usitafute namba kamili. Tafuta tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto, ukikumbuka kwamba mkono wenye waipa ndefu hubonyeza zaidi kidogo. Mkono mmoja ukiwa dhaifu sana kuliko mwenzake, tia tone la oili kwenye kiungo cha mkono kwanza, maana vumbi na kutu hukikaza kikawa kama springi imekufa. Ikigoma, mkono mwingine wa mtumba unatosha. Kufunga mkono kwa mpira wa tyubu ili ubonyeze, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi, kunabonyeza mahali pamoja na kuacha pengine.

Likiwa kwenye ncha za waipa, mkunjo wa waipa haulingani na mkunjo wa kioo. Hii ndiyo alama ya waipa bapa (zile zisizo na fremu ya viungo) za bei ya chini kwenye gari dogo lenye kioo kilichojikunja sana pembeni. Waipa ya fremu nayo inaweza kufanya hivyo kama viungo vyake vimejaa vumbi na kutu. Vikunje kwa mkono, vioshe kwa maji, na kama bado ni vigumu, tupa.

Inagonga

Ta! kila inapofika juu, au waipa mbili zinakanyagana. Kama imeanza baada ya kununua mpya, umeuziwa ndefu. Kama imeanza baada ya fundi kufungua mikono, mkono umerudishwa jino moja pembeni: chini ya nati ya mkono kuna shafti yenye meno, na ukikosea jino moja, waipa inahama sentimita kadhaa kule mwisho. Kabla ya kufungua mkono wowote, bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kioo pale mpira unapolala. Kama imeanza yenyewe polepole, bushi za vile vyuma vya chini zimelika na mikono inapitiliza. Shika mkono uutikise, utasikia uchezaji.

Moja imegoma, au zote

Moja inakwenda, nyingine imelala: nati ya mkono imelegea, meno yamelika, au kiungo kimechomoka chini ya plastiki. Kaza nati kwanza. Mota inasikika ikinguruma na hakuna kinachotembea: kiungo kimechomoka. Kimya kabisa: fyuzi, kisha swichi, kisha mota. Fyuzi ikiungua tena mara tu baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi. Kuna kitu kinakwama, mara nyingi shafti za mikono zilizokosa grisi. Zinakwenda polepole: shafti hizo hizo zisizo na grisi, au waya wa athi ulioshika kutu. Zinasimama katikati ya kioo ukizima swichi: kile kiswichi cha kuziegesha ndani ya mota kimechoka. Ukitoa kukaza nati, mengi ya haya ni ya fundi, na waipa mpya hazihusiki.

Maji hayarushwi

Bonyeza swichi usikilize. Pampu inalia lakini maji hayatoki: tundu limeziba vumbi, lizibue kwa pini nyembamba, au bomba la mpira chini ya boneti limechomoka. Pampu haina sauti: fyuzi au pampu. Tangi likae na maji safi na sabuni kidogo isiyo na povu jingi, na ulimwage angalau mwisho wa kiangazi. Maji yaliyokaa miezi yanaota ukijani unaoziba kila kitu. Kwenye msimu wa vumbi, tangi hili lina kazi kuliko wakati wa mvua.

Sasa nunua, lakini pima

Umefika hapa, mpira ndio mbaya kweli. Usiseme "za IST". Gari moja lina matoleo kadhaa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mpira wenyewe toka mwisho hadi mwisho, kila upande peke yake. Madukani zinauzwa kwa inchi, na pakiti huandika milimita pia: 14 ni kama 350, 16 ni 400, 18 ni 450, 20 ni 500, 22 ni 550, 24 ni 600. Kwenye gari zetu za usukani wa kulia, ndefu kwa kawaida ni ya upande wa dereva. Toyota Vitz ya toleo la tatu, lililotoka Japani mwishoni mwa 2010, ina waipa moja tu ndefu mbele. Mwenye hiyo asingoje dalili ya pili, kwa sababu hana ya akiba.

Ukikosa kipimo chako, inchi moja pungufu unaweza kuivumilia, hasa upande wa abiria. Inchi moja zaidi itagonga.

Kisha shikio. Gari nyingi za Kijapani zina mkono wenye ncha iliyokunjwa kama ndoano, lakini ndoano zina unene tofauti; zilizozoeleka ni za upana wa milimita 9, unene 3 au 4. Waipa ya ndoano nene ikifungwa kwenye nyembamba inashika, inacheza, na siku moja kwenye mvua kali inaruka. Pakiti nzuri huwa na vipande vya plastiki vya kubadilisha. Fungua pakiti pale pale dukani, pachika, tikisa. Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, mtumie muuzaji picha ya ndoano ikiwa na rula pembeni, usimtumie picha ya gari.

Ya fremu au bapa? Kwa vumbi la Tabora na gari dogo, mimi nachukua ya fremu ya chuma ambayo mpira wake unabadilishika. Bapa ni nzuri kwenye mwendo kasi na haina viungo vya kujaza vumbi, lakini nzuri yake ni ghali, na ya bei poa ndiyo ile inayoacha ncha. Ya fremu ukiitunza, kila mwaka unabadilisha mpira tu.

Hapo ndipo mtumba una maana. Waipa zilizokuja na gari kutoka Japani mara nyingi zina fremu imara kuliko mpya za bei ya chini. Chukua fremu ya mtumba isiyo na mchezo kwenye viungo, tia mpira mpya. Mpira wa mtumba usinunue hata ukionekana mweusi unang'aa. Huenda umepakwa mafuta jana jioni. Mpira wa kubadilisha una upana wake pia, milimita 6 na 8 ni za kawaida, kwa hiyo nenda na ule wa zamani mkononi. Zile fito mbili nyembamba za chuma zilizo ndani yake usizitupe kabla ya kuhakikisha mpira mpya una zake.

Na angalia duka limezitundika wapi. Waipa iliyoning'inia barazani juani tangu Juni imeshazeeka kama yako. Omba iliyo ndani, kwenye pakiti iliyofungwa. Pakiti za majina makubwa hughushiwa, basi amini kidole: mdomo umenyooka mwanzo hadi mwisho, unarudi wima, haunati. Muda mzuri ni mwisho wa Oktoba, kabla ya foleni.

Kufunga

Taulo kwenye kioo kwanza. Simamisha mkono, bonyeza kile kikamatio cha plastiki katikati ya waipa, sukuma waipa kuelekea chini ya mkono mpaka itoke kwenye ndoano. Mpya inarudi kinyume, na lazima usikie ta! Vuta kidogo kuhakikisha.

Ukibadilisha mpira tu, tafuta mwisho wenye vifundo viwili vinavyouzuia kuteleza. Huo ndio unaoingia mwisho, na unashikwa na ukucha wa fremu ulio karibu na chini ya kioo. Hakikisha kila ukucha umeshika fito zote mbili. Ukucha mmoja ukipita nje, fremu itakwaruza kioo siku hiyo hiyo. Fito zina mkunjo. Mkunjo ufuate kioo, usikipe mgongo.

Mwaga maji, washa kasi ya chini, kisha ya juu. Waipa mpya ikiacha utandu mizunguko ya mwanzo, ipe muda kidogo ijizoeshe. Ikiruka, rudi kwenye mkono. Ikigonga, rudi dukani ukiwa na futi yako.

Ya nyuma ina mambo yake. IST, Vitz na Passo nyingi zina waipa kwenye kioo cha nyuma, fupi, na shikio lake ni la plastiki lisilofanana na la mbele. Watu hulazimisha ya mbele iliyofupishwa kwa mkasi, plastiki inavunjika, na mkono mzima unahitajika. Mara nyingi mpira wake peke yake unaweza kubadilishwa kwa kukata kipande kutoka kwenye mpira mrefu wa upana ule ule, ukiuacha mwisho wenye vifundo. Kama huitumii kabisa, iache na mpira wake wa zamani ili chuma kisiguse kioo, na umwambie kijana wa kuosha asiinyanyue.